Mdogo wangu, anza na mkanda wa chini

Mdogo wangu,

Jambo sana. Sidiria inayokuchimba mabegani ukipanda mlima kutoka soko la Kadutu, Bukavu, usiilaumu kamba. Mkanda wake wa chini ni mkubwa kwako. Mkanda ndio unaopaswa kubeba matiti. Ukilegea, uzito wote unahamia mabegani, na ukifupisha kamba unauvuta mkanda upande zaidi mgongoni. Mateso hayo hayana sababu, na dawa yake iko nyumbani.

Tafuta mita ya fundi, ile laini ya sentimita 150. Ukiikosa, chukua uzi usiovutika, uutie alama, kisha uulaze kwenye rula. Vua nguo za juu, kwa sababu kikwembe au blauzi huongeza sentimita mbili tatu, na hizo zinatosha kukurusha kikombe kizima.

Zungusha mita chini kabisa ya matiti. Kioo kikusaidie kuona kama imenyooka mgongoni, maana ikikaa upande namba inakua. Toa pumzi, ivute iguse ngozi pande zote, soma. Kipimo cha pili kinapita kwenye chuchu, bila kukaza. Kama matiti ni mazito au yameshuka, inama mpaka mgongo ulale sawa na sakafu, upime hivyo. Ukisimama, nyama iliyoshuka haihesabiwi na namba inatoka ndogo.

Tuseme chini umepata 71, juu 90. Kuanzia 68 hadi 72, mkanda ni 70. Tofauti ni 19. Tofauti ya 12 hadi 14 ni A, inayofuata hadi 16 ni B, hadi 18 ni C, hadi 20 ni D, hadi 22 ni E. Basi wewe ni 70D.

Mabalo (marobota) ya mitumba ndipo yanapowachanganya wengi. Hiyo 70 ni namba ya Wajerumani. Wafaransa na Wabelgiji huiandika 85 (wanaongeza 15), Waingereza na Wamarekani 32, Waitaliano 2. Baada ya D, Mwingereza na Mmarekani wanaweka DD pale Mjerumani na Mfaransa wanapoweka E.

Sasa sikiliza vizuri. 85D (ndiyo 70D yako kwa namba za Wafaransa), 90C na 95B zina kikombe chenye ujazo uleule. Kinachobadilika ni mkanda. Ndiyo maana 95B inaweza kukupendeza ukiitazama kwa mbele, huku nyuma inapanda. Ukikosa 85D, 90C inaweza kukufaa. Usivuke hapo, hata muuzaji akikubembeleza.

Kabla ya kutoa faranga, vuta mkanda na uuachie: lastiki nzima inarudi papo hapo, iliyochoka inabaki na mawimbi. Bonyeza na ncha za waya, kwani zikianza kutoboa kitambaa zitakuchoma kwapani.

Ukiivaa, inama kidogo, ingiza mkono, uvute nyama yote ya pembeni iingie kikombeni. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanasema kikombe ni kikubwa. Sidiria mpya funga kulabu ya nje kabisa. Za ndani ni akiba ya siku lastiki itakapolegea. Kwa hiyo ile ya mtumba inayokukaa kwenye kulabu ya ndani tu, iache. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, visizidi. Inua mikono: mkanda ukipanda, ni mkubwa. Nyama ikimwagika juu, au waya ukikalia titi karibu na kwapa, ongeza herufi, usiongeze namba. Kikombe kikijikunja, fupisha kamba kwanza, halafu ndipo ushuke herufi.

Usipime siku za karibu na hedhi, matiti huvimba. Na ukiwa unanyonyesha, chagua isiyo na waya na isiyobana, kwa sababu mgandamizo unaweza kuziba njia za maziwa. Mtoto akishaacha ziwa, ngoja matiti yatulie, ndipo uchukue mita upya.

Dada yako