Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kabla ya tingatinga kushuka Bwawa la Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Lang'ata. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya upili huku, na nakuandikia kuhusu Bwawa la Nairobi. Kila linapotajwa, mazungumzo huwa ni ya gugu maji: litang'olewa lini, kwa mashine gani, kwa pesa za nani. Mimi naomba jambo linalotangulia hayo yote. Agiza kwanza ipigwe hesabu ya fosforasi, kirutubishi kinacholilisha gugu hilo, inayoingia bwawani.

Bwawa hili lilijengwa 1953, na wazee wa mtaa bado wanasimulia mashua za matanga zilizokuwa zikishindana humo. Siku hizi mgeni akisimama ukingoni anaweza kudhani ni malisho ya ng'ombe.

Mheshimiwa, siku ukija kutembelea, ling'oe gugu moja ulitazame. Vikonyo vimefura, vimejaa hewa, ndiyo maana linaelea. Chini yake kuna mizizi myembamba, mingi, yenye weusi, inayoning'inia tu majini. Gugu hili halihitaji kushika udongo. Mlo wake wote linaufyonza kwenye maji yenyewe. Maji yakiwa na njaa, linadumaa na mizizi yake hurefuka ikitafuta. Yakiwa na shibe, linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Kuling'oa huku maji taka yanaingia ni kufyeka shamba na kulimwagia mbolea siku hiyo hiyo.

Nisieleweke vibaya: virutubishi si sumu. Bila fosforasi na naitrojeni hakuna mwani, bila mwani hakuna vidudu wa majini, na bila vidudu hao hatungekuwa na omena wala ngege mezani. Ziwa lisilo na virutubishi ni maji mazuri ya kupigia picha, ila mvuvi atarudi na wavu mtupu. Balaa huanza vinapozidi. Mwani unasongamana, unakufa, unazama, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni ya chini. Samaki wengi wanakosa pumzi. Kambare husalimika kuliko wengine, maana yeye anaweza kuvuta hewa ya juu.

Mbona nashikilia fosforasi peke yake? Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawanya ziwa moja dogo kwa pazia la plastiki. Nusu zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni. Nusu moja ikaongezewa fosforasi. Hiyo ndiyo iliyogeuka kijani kibichi, ng'ambo ya pazia maji yakabaki kama yalivyokuwa. Naitrojeni ikipungua, baadhi ya mwani wa kijani-bluu huichukua hewani. Fosforasi haina mlango huo wa hewani. Hapa kwetu inaletwa na vyoo, sabuni, na udongo unaosombwa na mvua, na vyote hivyo vinaweza kuzuiwa.

Tafadhali, msiwatwike watu wa Kibera, majirani wa bwawa, mzigo wote. Mto Motoine, unaoliletea bwawa maji, unateremka kutoka upande wa Dagoretti, na kila mtaa unaopitiwa una mchango wake. Tena ukitoka bwawani unaitwa Mto Ngong, unapita Mukuru, na mwishowe maji hayo yanafika Athi. Bwawa likiugua, walio chini yake wanalipa pia.

Kisumu imekwisha kutufundisha. Miaka ya 1990 fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo, waliletwa kulila gugu la Ziwa Victoria, na kweli kufikia mwisho wa muongo huo lilipungua sana. Kisha mvua kubwa za mwisho wa 2006 zikasomba rutuba mpya hadi Ghuba ya Winam ya ziwa hilo, na gugu likarudi kwa kishindo. Fukusi walikuwapo. Mlo ulikuwapo zaidi.

Kuna na deni la zamani, nalo liko kwenye tope. Penye oksijeni, chuma kilicho kwenye tope huishika fosforasi. Oksijeni ikiisha, huiachia ipande tena majini. Kwa hiyo hata mabomba yakizibwa leo, bwawa litaendelea kujilisha lenyewe kwa muda. Lakini deni hilo huwa linaisha. Ziwa Washington, jijini Seattle, lilikuwa limechafuka hivyo. Maji taka yakaelekezwa kwingine kati ya 1963 na 1968, na miaka michache baadaye likaanza kuonyesha vilivyo chini yake.

Basi ninachoomba ni mpangilio wa kazi. Fosforasi ipimwe kila mwezi pale Motoine unapoingia na pale maji yanapotokea, na baada ya kila mvua kubwa, kwa kuwa hapo ndipo uchafu mwingi husombwa. Matokeo yabandikwe hadharani, hata kwenye ofisi ya chifu. Laini ya maji taka na vyoo vya bonde hilo vitangulie, tope lifuate, tingatinga lije mwisho. Na gugu litakaloondolewa lisirundikwe ukingoni kuozea hapo, maana mvua itarudisha kila kitu majini; lipakiwe kwenye malori lipelekwe mbali, likawe mboji mahali pengine ikiwa vipimo vitaonyesha halina madini mazito.

Kupima hakungoji bajeti kubwa. Vipimo vya kwanza tuvione kabla ya masika.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Biolojia, Lang'ata, Nairobi