Majogoo Wamezidi Bandani? Tazama Migongo ya Mitetea

Mteja wetu mmoja alitupigia simu akitaka dawa ya utitiri. Mitetea wake walikuwa wamenyonyoka manyoya mgongoni na kisogoni, na wawili walikuwa na vidonda ubavuni. Tukamuuliza ana majogoo wangapi. Akahesabu: watano, kwa mitetea 12. Dawa hakuhitaji.

Jogoo akimpanda mtetea humng'ata manyoya ya kisogoni na kumkanyaga mgongoni. Akiwa mmoja, mtetea hupata nafasi ya kupumzika. Wakiwa watano, akishuka huyu anapanda yule. Manyoya yanakatika, ngozi inabaki wazi, na kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo, kinamchana. Wenzake wakiona damu wanaanza kumdonoa. Ukimwona mtetea anashinda juu ya kichanja mchana kutwa, hashuki hata chakula kikiwekwa, usimwite mvivu. Amejificha. Na mtetea asiyekula vizuri hatagi vizuri.

Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 12; kwa kuku wazito kaa karibu na 8, kwa wepesi karibu na 12. Kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Mtetea hutaga bila jogoo, ila mayai hayo hayatatotoa. Tunalirudia hili karibu kila siku, maana wengi bado wanawalisha majogoo wakidhani ndio wanaoleta mayai.

Kwetu sisi tunaouza vifaranga ni haki kukwambia mapema: katika vifaranga wasiobaguliwa madume na majike, karibu nusu ni majogoo. Ukichukua 20 unaweza kupata 8, unaweza kupata 13. Kwa hiyo panga majogoo watakwenda wapi kabla hujaweka mayai chini ya kuku au kwenye mashine. Siku 21 za kuatamia zinatosha kufikiri.

Kwa kuku wengi, kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8 upanga wa kichwani wa kidume unakuwa mkubwa na mwekundu kuliko wa dada zake. Kufikia wiki ya 12 manyoya ya kiunoni yanachongoka na kung'aa, na hapo shaka inakwisha. Watenge wakati huo, kabla hawajafikisha miezi minne au mitano na kuanza fujo. Wengi huogopa kuwa majogoo watupu watauana. Mapora, yaani majogoo machanga, waliokua pamoja, wasiowaona mitetea na wenye nafasi ya kutosha, kwa kawaida huishi kwa utulivu wa kushangaza. Kinachowavuruga ni kuwaingizia mgeni. Chakula chao kisiwe kile cha kuku wa mayai. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda, na wakikila muda mrefu figo zao huumia. Wape cha kukuzia.

Wa kuchinja au kuuza, kwa kuku wa kienyeji, waondoe kati ya wiki ya 16 na ya 20. Baada ya hapo wanakula sana, wanaongezeka kidogo, na nyama inakuwa ngumu.

Atakayebaki asichaguliwe kwa ukubwa peke yake. Mtazame wakati wa kula. Jogoo mzuri akipata punje huwaita mitetea na kuwaachia, na kivuli cha mwewe kikipita hutoa mlio wa tahadhari. Anayekimbilia watu, hasa watoto, mwondoe hata kama ana rangi nzuri kiasi gani. Ukitotolesha mwenyewe, usimwache baba apande binti zake. Tafuta jogoo wa ukoo mwingine, mtenge wiki mbili hadi nne uhakikishe ni mzima. Baada ya kubadilisha jogoo subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu za yule wa zamani.

Ukinunua vifaranga kwetu, walete wakifika wiki ya 8 tukusaidie kuwabagua; mapora usiowahitaji tutawanunua. Wakamate usiku wakiwa wamelala kwenye kichanja, kwa mwanga hafifu, uwasafirishe alfajiri kabla ya jua kali. Na uje na idadi ya mitetea ulionao, ndipo tujue wangapi warudi nyumbani.