Anayeghushi utafiti wa tiba ashitakiwe

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Ipuli, Tabora, binti wa rika la wajukuu zangu, alinionyesha kadi ya kliniki ya mwanawe. Mtoto ana miezi 14, lakini penye chanjo ya surua-rubela hapakuwa na tarehe. "Bibi, wanasema inaleta usonji," akaniambia, akanisikilizisha sauti aliyotumiwa kwenye simu.

Mimi ni nesi mstaafu. Nimeuguza watoto wa surua: macho mekundu yasiyostahimili mwanga, midomo imechubuka hata kunyonya hawawezi. Na uongo ule naujua ulikoanzia. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield wa London alichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa watoto 12 tu, akihusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadaye ikabainika taarifa za watoto wale zilipotoshwa, na kwamba alilipwa zaidi ya pauni 400,000 na mawakili waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2010 jarida likaufuta utafiti, naye akafutwa kwenye rejista ya madaktari.

Binti akaniuliza, "Alifungwa miaka mingapi?" Ilibidi nimwambie hakushitakiwa kwa jinai hata mara moja.

Jibu hilo linanikosesha usingizi. Kumbe inawezekana: Marekani, mwaka huohuo wa 2010, daktari wa ganzi na usingizi Scott Reuben alihukumiwa miezi sita jela kwa ulaghai, baada ya kughushi tafiti za dawa za maumivu.

Hapa Tabora kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na watafiti tunawapokea vizuri. Tunatoa damu ya watoto wetu, na asiyejua kuandika anatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Dole lile ni amana. Anayekosea hesabu kwa bahati mbaya asiguswe, maana sayansi hujirekebisha. Namsema yule anayekaa mezani akaandika wagonjwa wasiokuwepo, au akageuza majibu kwa sababu kalipwa.

Wabunge wetu walipeleke hili Dodoma: sheria itaje kubuni matokeo ya utafiti wa tiba kuwa jinai kwa jina lake, fedha za utafiti zirudishwe, na aliyeumia alipwe fidia.

Nesi mstaafu,
Ipuli, Tabora