Barua kwa Somoe kuhusu maganda ya korosho

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi kutoka Dar. Uliniuliza kama yale maganda yanayorundikana nyuma ya banda lenu la kubangulia yana kazi nyingine zaidi ya kuwashia moto. Yanayo, tena kubwa.

Yale mafuta meusi ya ndani ya ganda yanayowababua vidole, sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadiki. Ni kinga ya mbegu dhidi ya wadudu na ukungu. Yakipashwa moto mkali, asidi hiyo hutoa hewa ya ukaa na kugeuka kadanoli, ambayo viwandani huingia kwenye rangi na breki za magari. Hata mbao zikipakwa mafuta hayo, mchwa huziepuka.

Lakini lililonifanya nimkumbuke mwanao Saidi ni jingine. Profesa Charles de Koning wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na wanakemia wenzake wa Tanzania, Malawi na Ujerumani, walitumia viambata vya mafuta haya haya kutengeneza vingine vinavyofyonza mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi. Losheni nyingi za jua zina viambata vitokanavyo na petroli, na baadhi hudhuru matumbawe. Ebu waza, ganda lililobanguliwa Newala limkinge mtoto mwenye ualbino kama Saidi! Niliposoma habari hiyo nilishindwa kulala kwa furaha.

Ila nakuomba sana, usije ukampaka Saidi mafuta ghafi ya ganda. Yatamuunguza vibaya. Hiyo bado ni kazi ya maabara. Yeye aendelee na losheni ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, avae kofia pana na shati la mikono mirefu.

Kinachoniuma ni kwamba korosho zetu nyingi huuzwa ghafi India na Vietnam, zikaondoka na maganda yake. Faida ya mafuta inabaki huko. Ndiyo maana kikundi chenu nakithamini kuliko mnavyojithamini wenyewe. Maganda msiyachome tena, moshi wake unawasha macho na koo. Yatieni kwenye viroba, muyaweke pakavu, nami nitaulizia hapa mwenye mashine ya kukamulia na bei yake. Na glavu zikikosekana, pakeni mikono majivu au mafuta ya nyonyo kabla ya kubangua.

Mama mpe shikamoo yangu, na Saidi mbusu.

Wako,
Zuhura