Usitie sahihi, somo yangu

Kilifi, Jumapili jioni

Somo yangu,

Assalamu alaikum. Mimi huku sijambo, ni goti tu la kushoto linalonisumbua kila masika yakikaribia. Mama watoto anakusalimu, na anauliza ile halua uliyoahidi Idi iliyopita imepanda jahazi gani hata isifike. Barua yako niliipata Alhamisi, na zile picha nne ulizonitumia kwa simu nimezitazama mpaka macho yameniuma. Umeniomba nijibu upesi kwa kuwa mnunuzi anarudi Lamu mwisho wa mwezi. Basi jibu ni hili: usitie sahihi.

Sasa nikueleze kwa nini, maana nakujua. Ukikatazwa bila sababu ndipo unapofanya.

Umesema mpwa wako ndiye aliyeleta bakuli, na kwamba mnunuzi hana tatizo na bei. Anachotaka ni karatasi moja tu: wewe, mkubwa wa nyumba, uandike kuwa bakuli lilikuwa kabatini kwa bibi yako tangu kabla ya mwaka 1970. Somo, kabati la bibi yako nalijua. Tulikuwa tukiiba visheti mle. Mlikuwa na sahani za bati, birika la shaba, na zile glasi sita za harusi ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Bakuli la Kichina la buluu na nyeupe sikuliona, na wewe hukuliona.

Halafu iangalie picha ya tatu, ile uliyolipindua bakuli. Kwenye pete ya kitako kuna kitu cheupe kimegandamana. Mpwa wako anasema ni uchafu wa zamani. Ile ni chokaa, chokaa yetu ya kuchoma matumbawe. Kabati halina chokaa. Bakuli lenye chokaa kitakoni limebanduliwa ukutani, na huku pwani bakuli hupachikwa ukutani kaburini, au kwenye kibla cha msikiti uliohamwa. Umewahi kufika Mambrui ukaiona ile nguzo ya kaburi iliyopambwa bakuli za Kichina. Mimi nilifika Kunduchi pia, kule Dar es Salaam, nikiwa nimemsindikiza mgeni. Pale sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa, na ukitazama vizuri utaona hata alama ya pete ilipokaa. Nikikulinganishia, nusu ya habari iko ukutani na nusu nyingine unayo wewe kwenye picha ya tatu.

Uliniuliza hii 1970 imetoka wapi. Mwezi wa Novemba mwaka huo UNESCO walipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Haukurudi nyuma kuhukumu ya zamani, na kwa miaka mingi makumbusho makubwa yaliendelea kununua bila kuuliza sana. Baadaye, kashfa zilipozidi, wakaufanya mwaka huo kuwa mpaka: kilichotoka kwao kabla yake kinapokewa, kilichotoka baadaye kinahitaji maelezo. Wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa ya Marekani walikubaliana hivyo mwaka 2008. Ni mpaka mzuri, silaumu, lakini umezaa kazi mpya. Siku hizi hakuna kitu cha kale kinachouzwa ambacho hakikuwa kabatini kwa bibi ya mtu. Bibi zetu wote wamekuwa wakusanyaji wa sanaa, Mungu awarehemu.

Na barua kama hiyo unayotakiwa uandike si jambo geni. Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan kule New York yalinunua chungu kikubwa cha Kigiriki cha kuchanganyia divai na maji, kazi ya mchoraji Euphronios, chenye umri wa miaka takriban 2,500. Bei yake ilikuwa dola milioni 1. Kilikuwa na karatasi pia: kwamba kilitoka kwa bwana mmoja wa Beirut, na kwamba kwao kilikuwako tangu siku za vita vya kwanza vya dunia. Kumbe kilichimbwa na wezi wa makaburi huko Cerveteri, Italia, mwishoni mwa 1971, miezi michache tu kabla ya kuuzwa. Mambo yalianza kufumuka mwaka 1995, polisi walipoingia ghala la dalali mmoja kule Geneva wakakuta picha za papo kwa papo kwa maelfu, vyombo bado vina udongo. Chungu kilirudi Italia mwaka 2008. Nataka uone kitu kimoja hapo. Makumbusho yalikuwa na mawakili na wataalamu, na wote walikubali kulala usingizi juu ya neno la mzee mmoja wa Beirut. Mwezi ujao mzee huyo utakuwa wewe.

Utasema: huyu mwenzangu tangu lini amekuwa shekhe wa mambo ya kale? Na hapo ndipo ninapokuja kwenye lile ambalo sijakuambia miaka yote hii, ingawa nadhani ulishuku.

Lile duka la vinyago nililofanyia kazi Mombasa miaka ya 1980, mwenyewe keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo jina lake tuliache. Wewe ulikuwa ukija kunichukua saa kumi na moja tukanywe kahawa, na ulikuwa ukiona mbele tu: vifaru vya mawe ya sabuni, bakora, vikapu. Nyuma kulikuwa na chumba. Huko vilikuwa vikiletwa vigango, usiku usiku, vimezungushiwa mikeka chakavu. Vijana waliovileta walikuwa hawakai hata kumaliza chai. Walikuwa wakilipwa kitu kidogo, bei ya baiskeli kuukuu, nao wanatokomea.

Wewe ni mtu wa visiwani, labda hukuwahi kuvikuta mahali pake. Mimi mama yangu alikuwa Mgiriama, kwa hiyo sina udhuru. Kigango ni nguzo ya mbao ngumu isiyoliwa na mchwa, imechongwa nakshi za pembetatu, juu ina kichwa cha duara, husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu. Wasio wa Gohu huwekewa koma, vijiti vidogo. Kigango kikishasimamishwa hakigeuzwi mapambo: marehemu yupo pale. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi, huombwa mvua na uzazi. Familia ikihama, nyumba ikawa ganjo, kigango hakihamishwi, kinabaki pale kioze kwa wakati wake. Madalali walishikilia hapo hapo. Walikuwa wakiwaambia wanunuzi kwamba vimetelekezwa, havina nguvu tena, na wao wanaviokoa na mvua. Hata mwenye duka alinipa maneno hayo niyakariri kwa Kiingereza, nami niliyakariri vizuri sana. Lakini wewe na mimi tunajua makaburi mangapi ambayo hakuna aliyeyazuru kwa miaka hamsini. Nani amesema kwamba yametupwa?

Kazi yangu mimi ilikuwa stakabadhi. Niliandika: "Kinyago cha mbao, cha zamani, kimoja," na bei, na tarehe. Basi. Sikuwahi kuuliza kimetoka kijiji gani. Mwenye duka hakunikataza kuuliza, tusimsingizie maiti. Mimi mwenyewe niliona afadhali nisijue. Neno moja la kijiji, somo, lingekaa kwenye mstari ule ule, nafasi ilikuwepo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia mmoja wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru amesimama na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee alihangaika kuvitafuta, akafa mwaka 1987 hajaviona. Miaka ikapita mpaka 1999, mwenzake Udvardy, Linda Giles, alipoonyesha kwenye mkutano wa wasomi slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilikuja kuonekana Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, nacho kilikuwa na vigango karibu mia. Chuo cha Illinois kilikubali kurudisha mwaka 2006, Hampton mwaka uliofuata. Familia ikavipokea. Nasikia kimoja kimewekewa uzio wa chuma, kisije kikaibwa tena. Mzee amefungiwa ndani ya kizimba ili abaki kwake.

Hiyo ndiyo habari njema, na imewezekana kwa sababu ya picha moja. Zile nguzo nyingine, mamia, ambazo ziko Marekani, picha hazina. Makumbusho ya Denver yalipewa vigango 30 mwaka 1990, zawadi kutoka kwa watu wa sinema. Mwaka 2014 yakaamua kuvirudisha, yenyewe, bila kushtakiwa, na nawapa heshima yao kwa hilo. Safari ilikwama miaka, vikafika 2019. Shehena nyingine kutoka California ilikwama uwanja wa ndege Nairobi kwa sababu watu wa forodha walitaka ilipiwe ushuru kama bidhaa iliyoagizwa. Wazee wanarudi kwao wanadaiwa kodi! Nilicheka, kisha sikucheka. Lakini hata baada ya forodha linabaki swali: vinakwenda kwa nani? Kwenye faili imeandikwa jina la mtu aliyetoa zawadi, jina la dalali, labda jina la duka. Jina la aliyezikwa halimo. Utamrudisha vipi mtu nyumbani usiyejua nyumba yake? Basi vinakaa ghalani, huku kwetu kama vilivyokaa ghalani kule.

Ninaposoma habari hizi huwa naiona kalamu yangu. Watu husema karatasi hizi ni za kuonyesha kitu kimetoka wapi. Zangu zilifanya kinyume. Kigango kiliingia dukani kikiwa na jina, mke, wajukuu na mnazi kilichomwagiwa juzi, kikatoka kikiwa "kinyago cha mbao, cha zamani, kimoja". Mpaka kikivuka bahari kilikuwa kisafi.

Usidhani nasema wao ndio wabaya, sisi malaika. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa ndani ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine kumi na kadhaa. Sanduku halikufunguka lenyewe. Mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na mwaka 1990 profesa mmoja wa Kiitalia akawaandikia kuwa walichonacho ni cha wizi. Unadhani walikirudisha 1990? Kilirudi 2010. Miaka ishirini ya barua, na mwisho wake wakasaini kwamba Geneva inaitunukia Tanzania kinyago hicho. Inaitunukia! Mwenye kuku apewe zawadi ya kuku wake, na ashukuru. Ila angalau Dar es Salaam walikuwa na kumbukumbu yao ya maandishi, ndiyo maana palikuwa na la kubishania.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi. Mwite mpwa wako, pasiwe na watu, wala usimgombeze mbele ya mkewe. Najua hana kazi tangu mashua iuzwe, na najua zile fedha zingemaliza ada ya watoto. Mwulize mahali. Usimwulize kwa nini, mwulize kaburi lipi, upande upi wa ukuta, na kama kuna mengine. Yaandike hayo kwa mkono wako na tarehe, kabla hajaanza kusahau au kujisahaulisha. Kisha bakuli lipeleke kwa watu wa Makumbusho pale pale Lamu. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi, ya 2006, haimruhusu mtu kung'oa vitu vya kale wala kuvipeleka nje bila kibali chao, na ni afadhali liende kwa miguu yako kuliko wao waje na polisi. Watakuuliza maswali, utakaa kwenye benchi asubuhi nzima, labda watalifungia kwenye kabati nawe usilione tena. Hilo siwezi kukuficha. Ukitaka nije tukae wote kwenye benchi, niambie, nitapanda basi, goti nitalifunga.

Ikiwa mnunuzi atarudi kabla, mwambie umekosa kalamu.

Ile ada tuzungumze. Mimi nina mbuzi wawili na deni moja ninalomdai jirani tangu Pasaka. Si nyingi, lakini muhula mmoja utapita.

Na zile picha, ukihitaji nafasi kwenye simu yako, futa ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu iache.

Wasalaam,
Somo yako