Mume wangu anataka kuvunja nyumba ya mama Wete ajenge ya AC, mama hataki, nifanyeje?

Assalaam alaykum dada mshauri na wasomaji wote. Nakuandikieni nikiwa Wete, Pemba, nyumbani kwa mama yangu, na nna jambo limenikaa rohoni hata usingizi sipati vizuri, naomba mnisome mpaka mwisho maana kulisema kwa ufupi siwezi.

Mie nimezaliwa hapa hapa Wete, nikaolewa na mtoto wa ami yangu ambae kwao wamehamia Oman siku nyingi, nikamfata Muscat na watoto wetu watatu wote wamezaliwa kule. Mama akabaki. Sasa mama kazeeka, miguu haina nguvu, na mwaka jana alianguka uani, alhamdulillahi hakuvunjika lakini tokea hapo hawezi kukaa peke yake. Tumekubaliana na mume wangu kwamba mie na watoto turudi tukae nae, yeye aendelee na kazi kule awe anakuja akipata likizo. Hapo hatuna ugomvi wowote. Ugomvi umekuja kwenye nyumba.

Mume wangu anasema watoto hawataweza kukaa nyumba hii kwa joto. Anataka ivunjwe yote ijengwe ya tofali na dari la zege, madirisha ya vioo na aluminiamu, AC kila chumba, na mbele pale palipo baraza upite ukuta na geti. Kaka yangu wa Unguja anamuunga mkono, fundi keshakuja kupima. Mama kasema hapana. Na mie nimekaa kati, huyu mume wangu na huyu mama yangu, na wote wawili wanamtakia kheri mwenzake, ndo maana linaniuma.

Nikuelezeni kwanza nyumba yenyewe ilivyo. Ni ya zamani, kuta za mawe na udongo zimepakwa chokaa, nene kama dhiraa nzima, madirisha ya mbao ya kufungua pande zote mbili. Zamani ilikuwa makuti, marehemu baba akaja kuezeka bati maana makuti kila baada ya miaka inabidi uezeke upya, lakini akaacha mwanya baina ya ukuta na bati ili joto lipate pa kutokea. Ukifungua mlango wa mbele na wa uani upepo wa bandarini unapita katikati ya ukumbi moja kwa moja, saa za alasiri unaweza kulala kwenye mkeka hapo chini bila ya feni. Jiko liko nje, kwahiyo moto wa kupikia hauingii ndani. Na uani kuna mfenesi mkubwa, kivuli chake kinafika mpaka ukutani. Sisemi hakuna joto, joto lipo. Saa hizi ninapoandika ni kaskazi na jua la adhuhuri linachoma kweli, nyuzi 32, 33, na fukuto juu yake, nguo inakugandia mwilini. Lakini ni joto ambalo mtu anajua alifanyeje, unahamia barazani, unahamia chini ya mti, unakoga maji ya kisima, usiku unafungua dirisha unalala ndani ya chandarua.

Muscat ni kwengine kabisa. Nilipofika mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa 6 na nilipotoka mlango wa eapoti nilidhani nimesimama nyuma ya injini ya gari, nikawa namtizama mume wangu nangoja tuondoke hapo penye moto, kumbe ndo hewa yenyewe. Kiangazi kule nyuzi 40 na zaidi ni kawaida, na pwani inaongezeka unyevu. Mwaka 2018 mwezi wa 6 kule Quriyat, ni mji wa pwani hauko mbali na Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha, wakasema haijawahi kurikodiwa duniani usiku wa joto namna hiyo. Wafanyakazi wa ujenzi kwa sheria hawafanyi kazi juani saa 6 na nusu mpaka saa 9 na nusu mchana kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8. Sasa katika joto kama hilo AC si anasa, bila ya AC mtu anakufa, mie silaumu kabisa. Nyumba yetu ilikuwa nzuri, baridi, safi, maji ya moto, umeme hauzimiki, na watoto wangu wamekulia humo, wanalala na blanketi zito mwezi wa 7 nje nyuzi 40.

Lakini wasomaji wangu, kuna kitu mie kilikuwa kinanipungukia na sikukijua jina lake mpaka alipokuja mama. Mume wangu alimkatia tiketi kwa mapenzi yake akaja kutuona, ikawa kiangazi. Mama alikaa ndani na sweta. Magoti yakamuuma, akawa anakohoa, akiizima AC watoto wanaiwasha, akitaka kutoka nje hatuwezi kumtoa. Asubuhi moja kaja kukaa dirishani, dirisha lenyewe halifunguliwi, akatizama njia mpaka adhuhuri, magari yanapita na vioo vyeusi, kisha akaniuliza, "Mwanangu, majirani zako wako wapi?" Na majirani wapo, wengine Wazanzibari kama sie, Ijumaa tunatembeleana na tunapika pilau, ila siku nyengine kila mtu na mlango wake umefungwa baridi isitoke. Nikashindwa kumjibu. Aliomba kurudi kabla ya muda wake.

Niseme na haki ya Muscat pia maana si mji mbaya. Baridi yao, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 2, ni neema tupu, watu wanatoka, fukwe za Qurum zinajaa, wanakwenda wadi, yaani mabondeni, na mishikaki yao wanakaa mpaka usiku. Saa hizi mie nafuta jasho hapa Wete watoto wananitumia sauti wako ufukweni wamevaa makoti mepesi. Na mwaka mmoja mume wangu alitupeleka Salalah, kusini ya Oman, wakati wa kharif, msimu wao wa manyunyu, kilomita kama 1000 kwa gari, nikaona ukungu na manyunyu na milima ya kijani, minazi, wanauza madafu na ndizi na mapapai njiani, nikalia ndani ya gari watoto wanashangaa mama analia nini. Mume wangu ndo akanieleza kuwa mvua ile inaletwa na kusi letu letu, upepo unaotupitia sie Pemba na Unguja ukivuka ikweta unageuka unapiga kule. Ni upepo ule ule waliokuwa wakirudia wenye majahazi, wanakuja kwetu na kaskazi wanaondoka na kusi. Alinieleza kwa upole sana. Kwahiyo msije mkamuona mume wangu mtu mkavu, si hivo.

Tatizo ni kuwa yeye anaihukumu Pemba kwa safari moja. Kawaida watoto tunawaleta likizo yao kubwa, mwezi wa 7 na wa 8, huku ni kipupwe, usiku unajifunika shuka, hawalalamiki kitu isipokuwa mbu. Ila mara ile mama alipoanguka tuliwatoa skuli tukaja nao katikati ya masika. Mnaijua masika ya Pemba, huku mvua ni nyingi kuliko Unguja, nguo hazikauki, kila kitu kinanuka unyevu, na mvua ikikatika jua likitoka fukuto linapanda kutoka ardhini. Na umeme ukazimika, siku ya pili ukazimika tena, feni hazifanyi kazi. Mtoto wangu wa mwisho akatoka harara mwili mzima, akawa analia usiku anasema "mama nizimie joto". Baba yake alikaa akimpepea na ukuti mpaka alfajiri, na nnaamini hapo ndipo alipotia nia ya kuivunja nyumba hii. Simlaumu, ni baba.

Sasa hoja ya mama. Mama hakusoma sana lakini maneno yake nikiyapima nayaona mazito kuliko ya fundi. Anasema nyumba ya zege na vioo imejengwa kwa ajili ya AC, siku AC haifanyi kazi nyumba ile haina upepo wake wenyewe, inakuwa tanuri. Na kweli nimekwenda kwa shoga yangu mmoja hapa Wete kajengewa na mwanawe alioko ng'ambo, nyumba ya kifahari wallahi, lakini zege linakunywa jua kutwa na usiku ndo linalitapika ndani, vioo ni vya kusukuma kwahiyo nusu ya dirisha daima imefungwa, na pesa ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya mwezi wanatoka kulala ukumbini milango wazi. Umeme wenyewe zamani hapa tulikuwa wa majenereta, huu wa waya wa baharini kutoka Tanga tumeupata 2010, umetusaidia sana, lakini mtu hawezi kuweka maisha ya mzee mgonjwa yategemee umeme tu.

Na la pili ndo linalonikata maini. Siku ile mama alipoanguka uani, mlango wa mbele ulikuwa wazi kama siku zote. Mtoto wa jirani alikuwa anapita anakwenda chuoni kusoma Qur'ani akasikia sauti, akaingia, akenda kuita watu. Wakaja wanawake watatu kwa mpigo, mmoja mikono ina unga. Ingekuwa kuna ukuta na geti na madirisha ya vioo yamefungwa ili baridi isitoke, nani angemsikia? Nimemwambia mume wangu hivi hivi kwa simu, akanyamaza, kisha akasema "lakini nyinyi mtakuwepo." Ni kweli tutakuwepo, ila nami ntakwenda sokoni, ntakwenda hospitali na mtoto, watoto watakuwa skuli.

Pale barazani mama anakaa kila siku baada ya laasiri. Wanaompitia wanamuamkia, huyu anamletea samaki, huyu anataka dua, wanawake wanasuka ukili hapo, msimu wa karafuu watu wanachambua vikonyo hapo hapo wanazungumza mpaka magharibi. Miguu yake haimpeleki kwa watu tena, kwahiyo watu wanakuja kwake, na wanakuja kwa sababu baraza iko njiani na haina geti. Ukiiondoa baraza ile huyu mzee hata ukimpa chumba cha nyuzi 18 na kitanda cha maelfu ya riali umemfungia. Alisema mbele ya fundi, "Nikifa vunjeni, lakini nikiwa hai niachieni upepo wangu." Fundi mwenyewe akakunja futi yake akaondoka.

Mie nna fikra yangu nataka mnipimie. Uwanja wa nyuma ni mkubwa. Nafikiria tujenge vyumba viwili tu upande wa pili wa mfenesi, bila ya kuukata, viwe na madirisha ya mbao ya kufunguka kote lakini yanayofunga vizuri, na AC katika kimoja, watoto walale humo kaskazi na masika joto likizidi. Nyumba ya mama ibaki, tuitie bati jipya jeupe juu, dari ya mbao chini yake na mwanya wa baba usizibwe, tuweke choo cha ndani cha kukaa karibu na chumba chake maana kuanguka kwenyewe alikuwa anakwenda chooni usiku. Hapo pesa zinapungua na mama habughudhiwi. Mume wangu anasema huko ni kutia viraka, pesa zitatoka mara mbili, na baada ya miaka michache tutavunja tu. Kaka anasema naona aibu ya bure kwa mzee na kwamba watu watasema mtoto wake yuko Oman na mama yake bado analala nyumba ya udongo. Hili la watu watasema mie halinisumbui. La watoto wangu linanisumbua, maana nao ni haki yao walale, wasome, wasitoke harara, na mwili uliolelewa kwenye baridi haubadiliki kwa wiki moja.

Basi naomba mnisaidie katika haya. Nyie mlorudi Unguja au Pemba na watoto waliozaliwa nje, walichukua muda gani kuzoea, na mliwasaidia vipi, mliwaachia AC usiku tu au mliwaachisha kabisa? Kuna aliewahi kuongeza vyumba nyuma ya nyumba ya mawe na udongo, kuta za zamani hazikupasuka ulipochimba msingi karibu? Sola ya kuendesha feni na taa umeme ukizimika inatosha au ni kupoteza pesa, na betri zinastahamili unyevu wa masika? Na lililo kubwa, dada mshauri, nimwambieje mume wangu ili aone kwamba kukataa nyumba yake si kukataa ihsani yake, maana nikilianza kwa simu linaishia kwenye ubishi, na yeye anakuja wiki mbili zijazo. Nilikuwa nafikiria nisiseme kitu, nimuache akae na mama barazani jioni kadhaa kwanza kabla ya kuleta habari ya nyumba, au ntakuwa namzunguka?

Muda wenyewe mdogo. Fundi anataka jibu kabla ya mwezi wa 3, masika yakiingia hakuna wa kuvua bati.

Mama wa watoto watatu,
Wete, Pemba