Kwa Walutheri Weupe wa Kikundi cha Jumatano

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Naandika Kiswahili makusudi. Miaka yote nimejitafsiri kwenu. Safari hii tafuteni mkalimani.

Juni 17 mliwasha mishumaa tisa kwa wale weusi tisa waliouawa na kijana mzungu mbaguzi kanisani Charleston, kusini mwa Marekani, mwaka 2015. Mlifanya vyema. Muuaji alikuwa msharika wa kanisa letu hilihili la Kilutheri, na wawili kati ya marehemu, Mchungaji Pinckney na Mchungaji Simmons, walisoma seminari yetu. Msiba ule ni wetu pande zote mbili.

Baada ya ibada mama mmoja akaniegemea, akalia hadi koti likalowa. Nikambembeleza. Mimi, mzee wa miaka 76, mweusi, namtuliza mzungu anayelilia ubaguzi! Haya, simlaumu. Lakini Jumanne yake baraza la usharika, ambalo wanne wenu mmo, likahamisha ibada yetu ya Kiswahili kutoka saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri ili ukumbi ukodishwe. Hatukuulizwa. Tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ufunguo hatuna, wakati wa theluji kina mama wanasimama nje na watoto mgongoni wakimngoja mwenye nao. Muhtasari wa kikao nimeusoma: hakuna aliyepinga. Machozi yalikuwa yamekwisha?

Mnamjua Jehu Jones? Mlutheri mweusi wa kwanza Marekani kuwekewa mikono ya uchungaji, mwaka 1832, apelekwe Liberia. Kabla ya safari hiyo aliporudi kwao, Charleston hiyohiyo, akatiwa jela, maana sheria ilimkataza mweusi huru kurejea. Akaenda Philadelphia, akajenga kanisa, deni likalimeza. Wa kumwombea sidhani alikosa.

Mengine ni madogo. Msiniite mgeni, nina miaka 22 humu. Msiniombe kila Februari, mwezi wa historia ya weusi hapa Marekani, nisimulie machungu yangu. Majina ya watoto wetu yanatamkika, jaribuni.

Mwaka 1977 nilikuwa kijana Dar es Salaam, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipomchagua Askofu Kibira wa Bukoba kuwa rais na kutamka kwamba kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Mwaka 1984, Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yakasimamishwa uanachama. Wajumbe wale hawakulia begani mwa mtu, walipiga kura.

Wanangu, nawapenda, ndiyo maana nafoka. Kikao cha bajeti ni Novemba. Nitaleta ombi la ufunguo mmoja, wa mlango wa chini, na nitakaa kiti cha nyuma nihesabu mikono.